Unataka bunduki ya shabaha na unaishi Rabai? Soma hii kwanza kabla hujajipeleka kwa karao

Ukifungua YouTube usiku, algoriti haina huruma. Unaanza na ngoma moja ya Pwani, dakika kumi baadaye uko na msee wa Texas amesimama nyuma ya keja yake akipiga makopo na raifo, mkewe anachoma nyama, watoi wanapiga makofi. Inakaa poa. Halafu swali linaingia kichwani: mimi wa Rabai, mwenye shamba la minazi na Jumapili isiyo na kazi, naweza kuwa na hii hobi?

Jibu fupi: unaweza. Jibu refu ndilo litakuokoa, kwa sababu wasee wengi wanaanza mwisho. Wanaanza kwa kuuliza bunduki ni doo ngapi, wakati bunduki ndiyo kitu cha mwisho kabisa kwa orodha. Kwa Kenya unaanza na sababu, halafu mahali pa kupigia, halafu makaratasi. Ukigeuza huo mpangilio, hiyo hobi itakuwa kesi. Haya basi, twende polepole.

SHABAHA NI MCHEZO GANI HASA?

Sahau sinema. Kupiga shabaha ni moja ya michezo iliyokuwepo Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896. Na Kenya si wageni huko: tulipoenda Olimpiki mara yetu ya kwanza, Melbourne 1956, timu yetu ilikuwa na wapiga shabaha pamoja na wakimbiaji.

Mashindano yenyewe yamegawanyika. Kuna bunduki ya hewa, ya mita 10. Risasi zake ni vijipande vya risasi laini vyenye upana wa milimita 4.5, na inasukumwa na hewa iliyobanwa, si baruti. Kuna raifo ndogo ya mita 50, ile watu wanaiita pointi tuu-tuu, ambayo hupigwa ukiwa umepiga goti, umelala kifudifudi na umesimama. Halafu kuna bastola, na kuna bunduki za marisau ambazo hupigia visahani vinavyorushwa hewani.

Sasa cheki ugumu wake. Kwenye bunduki ya hewa ya mita 10, ile kumi ya katikati ni nukta ya nusu milimita. Ndio, nusu. Ni kama kitone cha kalamu. Mchezaji anapiga risasi 60 ndani ya saa 1 na dakika 15, na mashine inapima hadi nukta za desimali, kwa hivyo risasi iliyo kamili kabisa inapata 10.9. Anayeshinda si mwenye misuli wala mwenye hasira. Ni yule anayeweza kutulia hadi mapigo ya moyo yasimtingishe mkono.

Huo ndio mchezo. Kama unachotaka ni kelele, moshi na kuogopwa mtaani, hapo hutafuti shabaha. Unatafuta taabu.

SHERIA INASEMA NINI

Kenya tuko na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ni sheria ya tangu enzi za mkoloni, imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na msimamo wake haujabadilika: kumiliki bunduki si haki yako ya kuzaliwa. Ni ruhusa unayopewa, na inaweza kuchukuliwa.

Marekani katiba yao inataja haki ya raia kuwa na silaha. Katiba yetu ya 2010 haina kitu kama hicho. Kwa hivyo ile mistari ya "ni haki yangu" unayosikia kwa video usiibebe mpaka kituo cha polisi Rabai. Watakuangalia tu.

Hakuna kununua, kupokea wala kukaa na bunduki au risasi bila cheti. Cheti kinatolewa chini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Na ili upewe, lazima uwaridhishe kwa mambo matatu makubwa:

Moja, uko na sababu nzuri ya kutaka hiyo silaha.

Mbili, kukupa wewe hakutahatarisha usalama wa watu wengine.

Tatu, wewe si mtu aliyekatazwa na sheria, na akili yako iko sawa.

Hiyo sababu ndiyo inaangusha wengi. "Nataka tu" si sababu. "Jirani yangu anayo" si sababu. Mtu wa shabaha anafaa kuonyesha kwamba kweli anacheza: yuko na klabu, anajua uwanja atakaopigia, na amefunzwa.

Cheti chenyewe hakifanani na leseni ya gari, ile inayokuruhusu kuendesha gari la mtu yeyote. Kinataja silaha fulani, na kinasema unaweza kuwa na risasi ngapi. Ukishikwa na bunduki tofauti na ile iliyoandikwa, hiyo ni shida mpya. Na kinahitaji kufanywa upya kila mara. Kikiisha muda na bunduki ikiwa bado kwa keja, unahesabika kama mtu asiye na kibali.

Kisha kuna silaha ambazo raia hata asiote. AK-47, G3 na bunduki zote za kijeshi za kumimina risasi mfululizo si za hobi. Adhabu ya kupatikana na hizo ni kali kuliko za bunduki ya kawaida, na hakuna hakimu atasikiliza stori ya makopo.

Usiseme ni sheria ya karatasi tu. Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, serikali iliamuru kila raia mwenye bunduki yenye leseni achunguzwe upya, na muda uliotolewa ulikuwa siku 90. Matajiri, wanasiasa, wafanyabiashara, wote walipanga foleni. Vyeti vya karatasi vikaanza kubadilishwa na kadi za kisasa. Kuna waliopita na kuna waliorudisha silaha.

BUNDUKI YA HEWA NA BONOKO: USIDANGANYWE

Hapa ndipo vijana wengi wanaingia mtegoni. Mtu anaona bunduki ya hewa mtandaoni, anaona imeandikwa kuwa ni ya kujifurahisha, anaagiza kutoka nje kama anayeagiza viatu. Mzigo unafika, forodha wanaufungua, simu inaita.

Kwa Kenya, bunduki ya hewa si toy. Nayo inahitaji kibali. Nchi nyingine zinauza dukani pamoja na vifaa vya kambi, lakini wewe hauko nchi hizo. Kabla hujalipa hata shilingi, uliza ofisi ya Bodi au polisi.

Na bonoko je, ile bunduki feki? Ukiitumia kumtisha mtu au kufanya uhalifu, sheria inakuhesabu kama aliyeshika silaha ya kweli. Halafu kuna jambo jingine ambalo halihitaji wakili: karao akiona mtu na kitu kinachofanana na bunduki gizani pale Mazeras, hatauliza kama ni plastiki.

SAFARI YA MAKARATASI UKIANZIA RABAI

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukishaamua, mambo yanaenda hivi:

Kwanza, tafuta klabu ya shabaha iliyoidhinishwa. Usianze na duka. Klabu itakuambia nani anaruhusiwa kushika nini chini ya usimamizi wao, mafunzo yanachukua muda gani, na kama kweli huu mchezo unakufaa. Kuna wasee hugundua siku ya kwanza kwamba hawapendi hata ule mlio.

Pili, tengeneza rekodi zako. Utahitaji kitambulisho, cheti cha maadili mema kutoka DCI, ambacho unaanza kuomba kupitia eCitizen halafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole, na mambo yako ya ushuru yawe sawa.

Tatu, afya. Watataka kujua hali yako ya mwili na ya akili. Hii si aibu. Kama unapitia kipindi kigumu, umefiwa, ndoa inayumba, ama chupa imekuzidi nguvu, huu si wakati wa kuomba silaha. Tafuta msaada kwanza, hobi itangoja.

Nne, uchunguzi wa nyumbani. Polisi wa eneo lako watataka kukujua. Kwa sehemu kama Rabai, ambapo kutoka Kisurutini hadi Ruruma watu wanajuana hadi jina la nyanya, tabia yako inajulikana kabla hujafungua mdomo. Kama kila Ijumaa unapigana kwa mangwe ya mnazi, hiyo habari itafika ofisini mbele yako.

Tano, maombi yanapanda juu hadi kwa Bodi, na wao ndio wanaamua. Wanaweza kukataa. Mtu yeyote anayekuambia "nipe kitu kidogo nikutolee cheti wiki hii" anakuuzia karatasi ya kukupeleka jela. Cheti feki ni sawa na kutokuwa na cheti, ukiongeza kosa la kughushi juu yake.

Ni baada ya hapo tu ndiyo unaenda kwa muuzaji mwenye leseni. Yaani bunduki ni namba sita. Umeona?

DOO INAENDA WAPI

Bei zinabadilika, na muuzaji na muuzaji. Lakini mtu akikupigia hesabu ya bunduki pekee, amekuficha nusu. Hesabu kamili iko hivi: mafunzo, uanachama wa klabu, ada za cheti na za kukifanya upya, bunduki yenyewe, sefu ya chuma iliyofungwa kwa ukuta, risasi, miwani ya kukinga macho, vifaa vya kukinga masikio, mafuta na brashi za kusafishia, na nauli ya kwenda uwanjani kila mara.

Usiruke masikio. Mlio wa raifo unaweza kufika desibeli 140 na zaidi, na sikio likiumia hivyo halirudi. Na usisahau nauli. Uwanja unaosikika sana nchini ni ule wa Kirigiti, Kiambu, wa chama cha kitaifa cha wamiliki wa bunduki, ambako mashindano ya kulenga hufanyika. Kutoka Mazeras hadi huko ni zaidi ya kilomita 450. Kwa hivyo swali la kwanza kuuliza ukiwa Rabai ni: uwanja gani ulioidhinishwa uko karibu na mimi hapa Pwani, na unakubali wanachama wapya? Bila jibu la hilo, bunduki itakaa kwa sefu ikishika kutu, na hewa yetu ya chumvi haibembelezi chuma.

"SI NITAPIGIA TU KWA SHAMBA?"

Hapana. Na hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili.

Ile raifo ndogo ya pointi tuu-tuu, ambayo watu wanaidharau kwa sababu risasi yake ni kama kidole cha mtoto, inaweza kutupa risasi zaidi ya kilomita moja na nusu. Raifo kubwa inaenda mbali zaidi kabisa. Sasa jiweke Rabai. Ni vilima na mabonde, nyumba zimetawanyika katikati ya minazi na mikorosho, watoto wanapita njia za mkato kwenda shule, kina mama wanachota maji, mgema yuko juu ya mnazi asubuhi na jioni. Wewe unaona kopo juu ya kisiki. Risasi haioni kopo. Inapita kopo, inapita majani, inaendelea hadi ikutane na kitu kigumu. Na kichwa cha mtu ni kitu kigumu.

Uwanja halali una tuta nene la udongo nyuma ya shabaha la kumeza risasi, una mstari mmoja wa kupigia, una msimamizi anayetoa amri, na hakuna anayevuka mbele mpaka bunduki zote ziwe wazi na zimewekwa chini. Mnazi si tuta. Ukuta wa mawe pia si tuta, kwa sababu risasi hugonga na kurudi.

Kitu kingine: usifikirie hata kidogo kwenda kwa kaya. Misitu ya kaya za Wamijikenda, zikiwemo za Rabai, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Lakini hata kabla ya UNESCO, wazee walikuwa na sheria zao, na kwenda kufyatua risasi pale ni kutukana kijiji kizima. Utalipa fidia kwa wazee, halafu serikali nayo ikudai yake.

KUWINDA? SAHAU

Kuna watu husikia "raifo" wakawaza paa na nguruwe mwitu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha Mei 1977, na marufuku hiyo ingali. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza uwindaji wa michezo na pia ule wa kutafuta kitoweo. Haijalishi umetumia raifo, mtego ama mshale. Haijalishi mnyama amekula mihogo yako. Kama wanyama wanakuharibia, ripoti kwa KWS. Ukijichukulia sheria mkononi, na cheti cha bunduki pia kitaenda.

Tanzania, jirani tu hapo, bado wana uwindaji wa kitalii wenye vibali. Ndiyo maana mtu akirudi kutoka huko na stori zake, usidhani sheria inavuka mpaka wa Lunga Lunga pamoja naye.

BUNDUKI IKIWA NYUMBANI

Mwenye cheti ana jukumu la kuweka silaha mahali salama muda wote, na ikipotea au ikiibwa, aripoti polisi haraka. "Nilisahau chini ya godoro" si utetezi. Ni kukiri.

Sefu iwe ya chuma, imefungwa kwa ukuta au sakafu. Risasi zifungiwe kando na bunduki. Ufunguo usikae kwa msumari nyuma ya mlango, maana watoi wanajua kila kitu kilicho nyuma ya mlango. Nyumba zetu za Pwani zina wageni kila siku: binamu, shangazi, mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Kila mmoja wao ana macho.

Halafu funga mdomo. Mwizi akijua nyumba fulani ina bunduki, haogopi, anakuja kuitafuta. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2017 kwamba raia Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zile zilizosajiliwa hazikufika hata 10,000. Serikali iliwahi kuchoma bunduki haramu 5,250 pale Ngong, Novemba 2016. Hiyo ndiyo njaa ya silaha iliyoko nje. Ukiposti yako Instagram na lokesheni juu, umeitangazia soko.

Na jambo la mwisho la nyumbani ndilo zito: hasira hasara. Ugomvi wa shamba, wivu, deni, huzuni ya usiku wa manane, haya yote hupita. Ngumi ikirushwa, kesho kuna msamaha na chai. Risasi haina kesho. Kama kuna mtu kwa nyumba anayepitia giza la moyo, peleka silaha kituoni ikae huko mpaka mambo yatulie. Hakuna mwanamume anayepungukiwa kwa kufanya hivyo.

KANUNI NNE ZA KUSHIKA BUNDUKI

Wapiga shabaha duniani kote wanazo, na klabu yoyote ya maana itakuuliza uzitaje:

1. Kila bunduki ina risasi mpaka wewe mwenyewe uhakikishe haina. Hata kama mwenzako amekuonyesha sekunde mbili zilizopita.

2. Usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu.

3. Kidole nje ya triga mpaka macho yako yawe kwa shabaha na umeamua kupiga.

4. Jua shabaha yako, na jua kilichoko nyuma yake.

Kuhusu kupiga kwenyewe: mwili utulie kwanza, mifupa ibebe uzito wa bunduki badala ya misuli. Panga macho, kitunguzi na shabaha kwa mstari mmoja. Vuta pumzi, itoe nusu, tulia hapo sekunde chache. Triga usiivute kwa kustukia. Ibane taratibu hadi mlio ukushangaze wewe mwenyewe. Halafu ubaki hapo hapo, usirukie kuangalia kama umepata. Wazoefu wengi hufanya mazoezi mengi zaidi bila risasi kuliko nazo.

KWA NINI RABAI HAIKUWA NA UTAMADUNI WA RAIFO

Rabai wengi wanaijua kwa Krapf na Rebmann, waliofungua misheni hapo 1846, na kwa jumba la makumbusho lililopo hadi leo. Lakini uliza wazee kuhusu silaha na hawatakutajia bunduki. Watakutajia uta na mishale.

Si bahati mbaya. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia raifo za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, na tawala za kikoloni zikahakikisha mwenye mtutu mzuri ni askari wao. Matokeo yake yalionekana 1914, hapo jirani Kaloleni. Wagiriama, waliohamasishwa na Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, walikataa kodi na kazi ya lazima. Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti mwezi Agosti, na askari wa KAR wakaja na raifo dhidi ya watu wenye mishale. Baadaye Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000.

Kwa hivyo ukimwona mzee wa Rabai anakunja uso ukitaja bunduki kama burudani, usimwite mshamba. Kwa vizazi vyake, bunduki ilikuja ikiwa imeelekezwa upande wake. Ukitaka hobi hii ikubalike nyumbani, keti naye umweleze unapigia wapi, chini ya nani, na kwamba haitatoka kwa sefu bila sababu.

UKIKOSA CHETI: UTA UNANGOJA

Wengi hawatapata cheti, ama hawataweza gharama. Habari njema ni kwamba kulenga hakukuanza na baruti. Mchezo wa upinde nao uko Olimpiki: mita 70, shabaha yenye upana wa sentimita 122, na kumi yake ni sentimita 12.2. Mkenya Shehzana Anwar alienda Rio 2016 kwa mchezo huo, na ndiye aliyebeba bendera yetu siku ya ufunguzi.

Na kama kuna watu duniani wanaofaa kuujua huu mchezo, ni wa hinterlandi yetu hii. Wawindaji wa Kiwaata, ambao wengine waliwaita Waliangulu, walivuta nyuta zilizohitaji nguvu ya zaidi ya paundi 100. Upinde wa mwanaume wa Olimpiki kwa kawaida huwa kama nusu ya hapo. Ujuzi huo ulivunjwa na msako wa Tsavo wa 1956 na 1957, wawindaji wengi wakafungwa, na hakuna aliyefikiria kuwapa shabaha ya karatasi badala ya pingu.

Upinde hauhitaji cheti cha bunduki, unafaa kijana na binti, na hauna mlio wa kuamsha kijiji. Lakini bado ni silaha. Mshale unaua. Weka tuta, funga njia, usimamie watoto, usibebe kwa mikutano ya hadhara, na usiuelekeze kwa mnyama.

MASWALI WASEE HUULIZA

Naweza kumwazima rafiki bunduki yangu? Hapana. Cheti ni chako. Ukimpa asiye na kibali, nyote wawili mna kesi.

Baba amefariki ameacha raifo, si ni urithi? Bunduki si ng'ombe. Ipelekwe polisi kwanza, halafu anayeitaka aombe cheti chake mwenyewe.

Tumeokota gobori la zamani kwa dari ya babu. Usilipige picha, usijaribu kulifyatua. Mwambie chifu au polisi mapema, mkiwa nyinyi ndio mmeripoti. Stori hubadilika sana wakija kulipata wenyewe.

Naweza kupiga risasi hewani kwa harusi? Kilichopanda kitashuka, na Rabai paa nyingi ni makuti.

Cheti kinanipa ruhusa ya kutembea nayo madukani Mazeras kujionyesha? Raifo ya shabaha inasafiri kutoka kwa sefu hadi uwanjani, ikiwa tupu na kwa begi, halafu inarudi. Haina njia nyingine.

Niko na miaka 16 na napenda sana. Nianzie wapi? Anza na upinde ukiwa na mtu mzima, jifunze kutulia, na uweke jina lako safi. Miaka ikifika, hilo jina ndilo polisi wa Rabai watauliza kabla ya kitu kingine chochote.